Afande anaishi peke yake stoo, nimtafutie mwenzake au nimwache?

Kila anayefika kwangu Ihumwa, hapa Dodoma, siku hizi, akishamaliza kusalimia na kulalamikia vumbi, swali linalofuata ni moja, huyo paka mbona yuko peke yake, si umtafutie mwenzake? Shangazi kasema, fundi aliyekuja kufunga simtanki kasema, jirani ndo usiseme, yeye kashaanza mpaka kuulizia kwa watu paka wa kuniletea. Mi nilikuwa najibu ntaona, ntaona, afu nikasema hapana, ngoja nilikalie chini hili swali maana lina mambo mengi kuliko watu wanavyolichukulia.

Kwa msiomjua, Afande ni paka jike, kijivu mwenye milia, katokea uchochoro wa nyuma ya maduka ya nafaka kule Majengo. Sio paka wa nyumbani aliyepotea, ni wale wa mtaani kabisa, kazaliwa humo humo katikati ya magunia, hajawahi kushikwa na mkono wa mtu na wala hana mpango huo. Jina walimpa makuli wa pale kwa sababu alikuwa anapanda juu ya rundo la magunia karibu na mlango wa godauni anakaa anakagua kila anayeingia na kutoka. Sasa lile godauni likawa linavunjwa, vijana wakaanza kuongea habari za sumu, na mimi huku nna stoo ya mtama na karanga na alizeti kidogo ambayo panya walikuwa wanaila kuliko ninavyoiuza. Nikaongea na mwenye godauni nikamwambia huyo nipe mimi.

Kabla sijaendelea niseme hiki, kuhamisha paka wa mtaani sio jambo la kufanya eti kwa sababu anakukera na makelele yake dirishani. Paka anashika eneo kuliko anavyoshika watu, ukimtoa anaweza kufunga safari ya kurudi akagongwa na lori njiani, na pale ulipomtoa kama chakula bado kipo watakuja wengine tu hutomaliza. Unamhamisha pale ambapo alipokuwa hapakaliki tena, na kwa Afande palikuwa hapakaliki.

Basi, akakamatwa kwa mtego wa waya wenye kipande cha perege wa Mtera ndani, mtego ukafunikwa kitenge maana giza linamtuliza, akapelekwa kwa daktari wa mifugo (ulizia kwanza kama anafanya paka, huku wengi mikono yao imezoea ng'ombe na mbuzi), akafungwa kizazi, akachanjwa kichaa cha mbwa, akakatwa kidogo ncha ya sikio. Hiyo ncha ya sikio msishtuke, ni alama wanayotumia watu wa paka wa mtaani sehemu nyingi duniani, mtu akimwona kwa mbali anajua huyu tayari, asikamatwe tena bure. Halafu bajaji mpaka Ihumwa, dereva njia nzima ananiuliza dada una uhakika umebeba paka?

Huwezi kumfungulia siku hiyo hiyo. Ukimfungulia anakata mbuga na ndo umemwona mwisho. Anafungiwa ndani ya eneo lake jipya wiki mbili mpaka nne, anakula saa zilezile, anasikia sauti zilezile, mbuzi, jogoo, pampu, babu mlinzi akikohoa, mpaka kichwani mwake hapo panageuka kwake. Fundi alinigongea banda la mbao na waya wa kuku kwenye kona ya stoo, nikaweka boksi la kujificha, maji, karai la mchanga (mchanga Dodoma hatununui jamani), na gunia kuukuu alilokuwa analalia kule Majengo, halijafuliwa. Hilo gunia watu walinicheka sana, linanuka. Na mimi nililileta kwa sababu linanuka.

Usiku wa mwanzo mwanzo akawa analia. Kile kilio kirefu cha chini kinachopanda mpaka nywele zinakusimama. Na hapo ndo jirani akaingia kwenye hii stori.

Jirani yangu ni mtumishi, alihamia Dodoma na wizara yake baada ya ule uamuzi wa 2016 wa serikali kuhamia huku kweli kweli, maana wa kwanza ulikuwa wa 1973 na tulishauzoea kwenye vitabu vya shule. Mke na watoto wakabaki Dar, kazi ya mama, shule za watoto, mnajua wenyewe. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku 2024 ndo kapata ahueni, Ijumaa akitoka Mtumba, kule kwenye mji wa serikali, anakimbilia treni, Jumapili usiku yuko hapa tena anaosha masufuria peke yake. Mtu mwema sana. Akasikia kile kilio, asubuhi kaja na sura ya msiba, "Jirani, huyo anamlilia mwenzake. Huwezi kumhamisha kituo cha kazi ukamleta peke yake hivi hivi, na huyu hata treni ya Ijumaa hana." Nikamwambia jirani, hapo unamuongelea paka au unajiongelea wewe? Tukacheka, ila ndo hivyo, wengi tunaosema paka mpweke tunampima kwa kipimo cha nyumba zetu.

Paka kwa asili yake hakuumbwa wa kundi kama mbwa. Babu yao ni paka pori wa Afrika, yule mdogo anayefanana kabisa na paka wa nyumbani, na yule anawinda peke yake kwa sababu windo lake ni panya, na panya mmoja ni mlo wa mtu mmoja, hamuwezi kugawana wawili mkashiba. Katika ukoo mzima wa paka anayeishi kwa familia kubwa kabisa ni simba, na simba anaangusha nyati. Kwahiyo kile kilio cha usiku wa kwanza mi sikukichukulia kwamba anaita mume. Anataka kutoka, hapajui, ananusa mbuzi ambao hajawahi kuwanusa, basi. Na kweli kadiri siku zilivyoenda kilio kikapungua kikaisha, bila kuletewa mtu.

Ila sasa nisije nikadanganya upande wa pili, kwamba paka hana rafiki. Anaye. Pakiwa na chakula cha kutosha sehemu moja, sokoni, bandarini, jalalani, paka wanajikusanya, na ukichunguza yale makundi utakuta mhimili wake ni majike wa ukoo mmoja, mama na binti zake, dada na dada, wanalea watoto pamoja mpaka kunyonyeshana. Madume ambayo hayajahasiwa ndo yanazurura kutoka kundi hili kwenda lile. Na Marekani kuna utaratibu wa kuwagawa paka wa mtaani kwa wenye mashamba na mabanda ya farasi, na wengi wanaogawa hawakupi mmoja, wanakupa wawili au watatu. Hoja yao ni nzuri, kwamba mkitupwa mahali pageni bora awepo hata mmoja unayemjua harufu, mtatulia haraka na hamtakimbia hovyo.

Unayemjua. Hicho kipande ndo watu wanakiruka. Wanashika "wawili" wanaacha "wanaojuana", halafu wanaenda kuchukua paka yeyote kwa yeyote wanamrushia ndani wanasema tayari nimempa kampani.

Kwahiyo nilichofanya ni kurudi Majengo kwa mama lishe aliyekuwa anawatupia mabaki pale uchochoroni, kwa sababu huyo ndo mwenye faili la Afande. Na hapa kama una paka wa hivi sikiliza, usiulize "alikuwa na rafiki?" maana mtu atakujibu tu ndiyo, walikuwa wengi wanakula pamoja. Kula pamoja sio urafiki, wanakula pamoja kwa sababu umemwaga chakula pamoja. Uliza alikuwa analala na nani, wamegusana au wameachana? Kuna aliyekuwa anamlamba kichwa na shingo? Akimwona nani anamfuata mkia umesimama wima na kujisugua ubavuni? Hizo ndo salamu za paka wanaopendana, zingine zote ni kuvumiliana.

Mama lishe akaweka mwiko chini kabisa akacheka. "Afande? Dada'angu, yule alikuwa anakula wa kwanza, wengine wote wamekaa pembeni wanasubiri amalize. Kuna mmoja wa rangi ya chungwa alijaribu kupanda kulala naye kule juu ya magunia, alipigwa kofi moja akaja kuangukia kwenye ndoo yangu ya maharage." Nikauliza na watoto wake je? Akasema madume yalikua yakaondoka, binti alikuwa mmoja, huyo ndo walikuwa wanalala wamekumbatiana kabisa, ila aligongwa na bodaboda mvua za mwaka jana.

Basi. Angekuwepo yule binti ningemleta, hata ingenigharimu safari ya pili na daktari mara mbili, hilo nasema bila kusita. Hayupo. Na paka mwingine yeyote wa pale hawezi kukaa kwenye nafasi yake kwa sababu tu ametoka mtaa mmoja.

Sasa turudi kwa wanaotaka kuniletea mgeni. Paka jike mtu mzima, mwenye stoo yake, akiletewa paka asiyemjua hapokei mwenza, anapokea mvamizi. Kwa paka wa nyumbani unaweza kuwazoesha taratibu, unawatenga vyumba viwili, unabadilishana vitambaa wanavyolalia mpaka kila mmoja aizoee harufu ya mwenzie, unawalisha pande mbili za mlango, wiki kadhaa, na wakianza kukoromeana unamchukua mmoja unamtoa. Huyu wa kwangu unamtoa vipi? Mkono utarudi umechanika. Wakipigana watapigana mpaka mwisho, na majeraha ya meno ya paka ni madogo nje ila ndani yanatunga usaha, unakuja kushtuka kichwa kimevimba, umkamate upya, urudi kwa daktari. Na mara nyingi mmoja anahama. Mara nyingine ni yule wa zamani ndo anahama. Yaani nimtoe Afande kwenye sumu Majengo halafu nimfukuze mwenyewe Ihumwa kwa kumpenda sana.

Shangazi yeye alikuja na wazo la kitoto. "Mwanangu, mchukulie katoto, atakalea." Shikamoo shangazi, lakini hapana. Kitoto cha paka kinajifunza kumzoea binadamu kikiwa na umri wa kama wiki mbili mpaka saba hivi, ukikiweka stoo na paka asiyependa watu kwenye huo muda utapata pori la pili. Na Afande hana deni la kulea mtoto wa mtu, kitoto hakijui adabu, kinarukia mkia, kinataka kucheza saa ambayo mwenzie anawinda. Kitoto kama kinataka kampani kinataka kitoto mwenzie.

Hoja pekee iliyonifanya nikae kimya kidogo ni ya babu mlinzi. Jioni nikimpa mbukwa yake, salamu ya Kigogo, akaniambia mama, huku fisi wapo, mmoja peke yake watamchukua, wakiwa wawili wanasaidiana. Fisi ni kweli wapo, pembezoni mwa Dodoma sio hadithi, na mbwa wa kuzurura ndo wengi zaidi. Lakini paka wawili hawajipangi mstari kumkabili fisi, kila mmoja anapanda juu kivyake. Kwahiyo badala ya paka wa pili babu nikampa kazi, tukaegesha nguzo ya mti yenye magome kwenye ukuta wa stoo, tukakata tundu juu karibu na paa, dogo, kichwa cha paka kinapita cha mbwa hakipiti, ndani likaenda moja kwa moja juu ya magunia ya mtama. Siku ya kwanza tu kulipita tundu lile alikaa juu kule amejikunja anatuangalia sisi wawili chini kama tunadaiwa.

Mnauliza najuaje ametulia. Hasemi, lakini anaacha ushahidi. Nenda kwenye fremu ya mlango wa stoo, upande wa kulia, chini, usawa wa goti langu hivi kushuka, utaona pana doa jeusi la mafuta linang'aa na vinywele vya kijivu vimenasa kwenye ufa wa mbao. Hapo ndo anaposugua shavu kila akitoka na kila akiingia. Paka ana harufu yake mashavuni, akisugua anaandika hapa pangu, na paka mwenye hofu hasugui, anapita tumbo chini mbio. Pia anakula anamaliza. Na upepo huu wa Julai ulipoanza kupuliza nikagundua usiku halali boksini tena, anaenda kulala kwenye majani ya banda la mbuzi, mgongo wake umegusa mgongo wa mbuzi jike mzee ambaye hata hashtuki. Kwahiyo kama ni joto la mwenza, kajitafutia, ana pembe.

Ningeona chakula kinabaki, au haondoki boksini wakati mlango uko wazi siku nyingi, au anajilamba sehemu moja mpaka pana upara, ningeshtuka. Ila hata hapo nisingekimbilia kuleta paka. Ningeangalia kwanza anaumwa? Kuna mbwa anamsubiri nje? Kuna mtu katega sumu ya panya jirani? Hiyo ya sumu nawaomba sana wenye stoo, panya aliyekula sumu anatembea kidogo kabla hajafa, paka anamla, na paka naye anaondoka. Huwezi kuwa na vyote viwili. Na mlishe, msiniambie akishiba hatakamata panya, paka anawinda hata akiwa ameshiba, mwenye njaa ndo anahama kutafuta.

Sasa wakati nadhani nimeshamaliza, majivu yakanichanganya.

Huwa nachekecha majivu ya jikoni nayamwaga kuzunguka sahani yake jioni, nipate kusoma nani kala, maana mbwa anaacha alama za kucha na paka anazirudisha ndani, hazionekani. Asubuhi moja nakuta nyayo za aina mbili. Za Afande nazijua, ndogo za mviringo. Na zingine kubwa zaidi, hatua ndefu, zimekuja kutoka upande wa mawe kule mlimani, zimezunguka, zimerudi kulekule. Damu hakuna, manyoya yaliyong'oka hakuna. Jirani kusikia tu akapiga makofi, "si nilikwambia!"

Babu alimwona. Anasema ni kama Afande lakini miguu mirefu, milia imefifia kama vumbi, mkia una pete na ncha nyeusi, na masikio kwa nyuma mekundu kama udongo. Sasa hayo masikio mekundu na hiyo miguu mirefu ndo sifa za paka pori mwenyewe, yule babu yao niliyemtaja, na huyo yupo sehemu nyingi za nchi hii hasa huku kukavu kwenye vichaka na mawe. Inawezekana pia ni dume la mtu tu la mtaa wa pili, usiku na tochi ya babu ile mtu unaona unachotaka. Ila kama ni yeye basi nafurahi mara mia kwamba Afande alifungwa kizazi kabla hajafika huku, kwa sababu hawa wawili wako karibu kiasi cha kuzaliana, na kuzaliana na paka wa nyumbani ndo moja ya vitu vinavyowamaliza paka pori kidogo kidogo, anakuwepo mpaka siku moja unakuta waliobaki wote ni machotara.

Nikakaa na babu usiku mmoja, tochi imefunikwa kitambaa chekundu. Mgeni alikuja kweli, akasimama mbali, kivuli tu. Afande alikuwa juu ya ukuta. Hakukoroma, hakushuka, hakuinua mkia. Wakatazamana muda mrefu mpaka mi nikaanza kusinzia, yule akala mabaki ya dagaa akaondoka, Afande akashuka kwenda kunusa pale alipokuwa amesimama, akanusa vizuuuri, akaenda kwa mbuzi wake. Huo ndo ujirani anaoutaka, wa kupishana na kunusana nyayo, na nani kampangia? Hakuna.

Kwahiyo jibu langu ni hapana, simletei mtu. Chakula nimeanza kukiondoa kabla ya usiku kuingia sana ili mgeni kama ni wa porini asizoee sahani yangu, aendelee na panya wa huko mlimani. Akija kuonekana mchana na kengele shingoni na anajisugua kwenye mbuzi za watu, huyo ni dume la mtu, ntamtafuta mwenyewe tukubaliane ahasiwe na achanjwe.

Jirani kanuna kidogo, ila nimemwambia kama hamu ya paka inamsumbua kiasi hicho achukue wa kwake, na achukue wawili, ndugu wa tumbo moja, wadogo, waliozoea watu, maana Ijumaa mpaka Jumapili hayupo na hao watakuwa na wa kucheza naye. Kasema ataongea na mke wake kwanza. Jana nimeona boksi tupu la biskuti kwenye baraza yake, limetobolewa matundu.